Tufe Lipindalo: Mkono Huanza, Sakafu Humaliza

Mpwa wangu alikuja Malindi likizoni kutoka Nairobi akiwa amefunga bendeji kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Kwa wiki kadhaa alikuwa akienda na wenzake wa kazini kwenye ukumbi wa bolingi, mchezo wa kubiringisha tufe zito ili liangushe pini 10 zilizosimama mwisho wa njia, na huko aliwaona wachezaji ambao tufe lao huondoka likielekea upande wa kulia, kana kwamba linakwenda kutumbukia kwenye mfereji wa kando ya njia, kisha, likikaribia pini, likageuka kushoto ghafla na kuziangusha zote 10. Alitaka na lake lifanye hivyo. Kwa kuwa hapakuwa na wa kumfundisha, aliamua mwenyewe kwamba tufe hupindishwa kwa kuusokota mkono wakati wa kuliachia, akausokota jioni baada ya jioni mpaka ukavimba, na tufe likaendelea kwenda sawa kama lililopigiwa rula.

“Mjomba, nimelisokota kwa nguvu zangu zote,” aliniambia tukiwa barazani. “Labda wale wana matufe yao ya ajabu.”

Hilo la mwisho lina ukweli ndani yake, na nitalirudia. Kosa kubwa, hata hivyo, lilikuwa mahali pengine, nami nalijua vizuri kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe miaka niliyokuwa nikifanya kazi Nairobi, ila mkono wangu ulisalimika kwa uvivu. Mkono haulipindi tufe. Mkono hulipa tufe mzunguko wa ubavu, kisha kazi yake imekwisha. Kinacholipinda ni msuguano wa sakafu, na sakafu hiyo haianzi kazi yake mpaka tufe limesafiri sehemu kubwa ya njia. Anayetaka kuona mpindo pale pale mkononi mwake anatafuta kitu mahali ambapo hakipo.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima tuitazame njia yenyewe. Kutoka mstari wa kurushia, ambao mchezaji haruhusiwi kuuvuka, hadi pini ya mbele kuna mita 18.29. Upana ni kama mita 1.05, nao umegawanywa katika mbao 39 nyembamba, ambazo kwenye kumbi nyingi za leo si mbao tena bali ni michoro ya mbao juu ya bamba gumu la kutengenezwa. Mgeni haoni kitu kingine, kwa sababu kilicho muhimu zaidi hakionekani: sakafu hiyo imepakwa mafuta. Zamani yalipakwa ili kuilinda mbao isichakazwe na matufe, lakini siku hizi ndiyo yanayotawala mchezo. Katika kumbi za kawaida mafuta hufika takriban mita 12 kutoka mstari wa kurushia, na mita 6 za mwisho huachwa kavu. Tena hayapakwi sawasawa: katikati ya njia ni mazito, pembeni ni membamba.

Siku ile sikumweleza mpwa wangu kwa maneno. Baraza yetu ina sakafu ya saruji iliyopigwa laini, ndefu kiasi cha hatua 10. Nilimwambia amwage maji ya sabuni kwenye hatua 6 za mwanzo na aziache 4 za mwisho zikiwa kavu, kisha achukue mpira wa watoto na kuubiringisha polepole huku akiupa mzunguko wa ubavu kwa vidole. Kwenye sabuni mpira ulikwenda sawa, ukizunguka bure. Ulipogusa saruji kavu ulikata kushoto na kugonga mguu wa kiti cha mama yake, ambaye hakufurahishwa na elimu hiyo. Tuliurudia mara kadhaa, na kila mara mpira uligeuka pale pale, penye mpaka wa majimaji na ukavu, bila kujali kama kijana alikuwa ameupa mzunguko mwingi au mchache. Kilichobadilika ni ukubwa wa mpindo tu.

Aliyewahi kusukuma mtumbwi kwa pondo hatashangaa. Pondo likisimama kwenye mchanga mgumu, ukisukuma nyuma, chombo kinakwenda mbele. Likizama kwenye tope laini la mlangoni mwa mto Sabaki, nguvu zako zote huishia topeni na chombo hakisogei. Tufe lililopewa mzunguko wa ubavu hufanya jambo hilo hilo. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, sehemu ya chini ya tufe, ile inayogusa sakafu, hufagia kuelekea kulia, na sakafu inapoikatalia, tufe husukumwa kushoto. Kwenye mafuta hakuna wa kukataa. (Msomaji aliye mashoto ageuze kulia kuwa kushoto katika makala yote haya, hesabu zinabaki zile zile.)

Hesabu zenyewe ni nyepesi na zinafundisha mengi. Tufe lina kipenyo cha karibu sentimita 21.6, kwa hiyo kila linapobiringika duru moja kamili husogea sentimita 68. Mchezaji wa wastani hulitupa kwa mwendo wa takriban kilomita 27 kwa saa, yaani mita 7 na nusu kwa sekunde, na hivyo hufika kwenye pini baada ya sekunde 2 na nusu hivi. Ili libiringike kwa mwendo huo pasipo kuteleza, lingehitaji kuzunguka mara 11 katika kila sekunde. Mchezaji mzuri asiye wa kulipwa hulipa mizunguko 5 tu kwa sekunde, ambayo ni 300 kwa dakika, na anayeanza hulipa pungufu sana ya hapo. Basi tufe huondoka mkononi likikimbia kuliko linavyozunguka, kama tuktuk iliyokanyagiwa breki barabarani baada ya mvua: chombo kinakwenda, magurudumu hayakubaliani nacho. Kuanzia hapo msuguano hulipunguza tufe kasi ya kwenda na kuliongeza kasi ya kuzunguka, mpaka mambo hayo mawili yakutane.

Ndiyo maana wajuzi huigawa safari ya tufe katika vipindi vitatu. Kwanza huteleza juu ya mafuta, karibu sawa kabisa. Kisha, likifika penye ukavu, hushika sakafu na kupinda. Mwisho hubiringika tu, na likishaanza kubiringika bila mtelezo wowote halipindi tena, hata kama macho yanadhani linapinda, bali hufuata mstari ulionyooka kuelekea kule ambako mpindo umelielekeza. Mchezaji hutaka kipindi hiki cha tatu kianze muda mfupi kabla ya pini. Kikianza mapema tufe hufika limechoka. Kikichelewa hufika lingali linateleza na hupiga kwa ulegevu.

Mtu anaweza kuuliza kwa haki: kwa nini taabu yote hii, ilhali tufe lililonyooka nalo huangusha pini? Jibu liko katika mpangilio wa pini zenyewe. Zimesimama katika pembetatu ambayo ncha yake humwangalia mchezaji: pini ya 1 mbele, nyuma yake ya 2 na ya 3, halafu ya 4, 5 na 6, na safu ya mwisho ya 7 hadi 10, zikihesabiwa kutoka kushoto kwenda kulia. Wengi hufikiri kwamba kuangusha zote kwa mpigo mmoja, ambako wachezaji hukuita straiki, ni kuipiga pini ya 1 katikati kwa nguvu. Sivyo. Katika straiki safi ya mchezaji wa mkono wa kulia tufe lenyewe hugusa pini 4 tu: ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9. Nyingine huangushana: ya 1 huipiga ya 2, nayo huipiga ya 4, nayo huipiga ya 7, upande wa pili ya 3 huipiga ya 6, na ya 6 huipiga ya 10, katikati, ya 5 huiondoa ya 8. Ili mambo yaende hivyo, tufe linapaswa kuingia kwenye nafasi iliyo kati ya pini ya 1 na ya 3, na liingie kwa mshazari, likiwa na nguvu ya kuendelea hadi ndani.

Hapo ndipo tufe lililonyooka hushindwa. Pini moja ina uzito wa kilo moja na nusu na ushei, na tufe zito kuliko yote yanayoruhusiwa lina kilo 7.26, lakini hata hilo, likigonga pini ya 1 upande wake wa kulia, husukumwa kulia. Likiwa limekuja sawa, husukumwa mbali na pini ya 5, ambayo hubaki imesimama peke yake katikati kama inayomcheka mwenye tufe. Hata mtu akitupa kutoka ukingoni kabisa mwa njia ili apate mshazari, upana wa njia haumruhusu kupata zaidi ya digrii moja na nusu hivi. Mpindo humpa kile ambacho upana umemnyima. Uchunguzi uliofanywa na chama cha mchezo huu cha Marekani ulionyesha kwamba pembe ya kuingilia ya karibu digrii 6 ndiyo huleta straiki nyingi zaidi, na pembe hiyo haipatikani kwa kunyoosha, hata mtu awe na nguvu za punda.

Sasa turudi kwenye mkono uliovimba. Tufe linaweza kuzunguka kwa namna tatu zinazochanganyikana. Linaweza kuzunguka kwenda mbele, kama gurudumu la mkokoteni. Linaweza kuzunguka kwa ubavu, likifagia sakafu kuelekea kulia. Na linaweza kuzunguka likiwa limesimama mahali pake, kama pia ya watoto. Mzunguko wa kwanza pekee haulipindi. Wa pili, ukichanganywa na wa kwanza kwa kiasi cha nusu kwa nusu, ndio unaotafutwa. Wa tatu ndio msiba wa wanaosokota. Pia ya watoto huzunguka kwa kasi kubwa kuliko kitu kingine chochote cha mitaani, lakini huigusa ardhi kwa nukta moja tu, na kwa hiyo ardhi haina pa kuishika. Mpwa wangu alikuwa akitengeneza pia. Kadiri alivyosokota zaidi, ndivyo kiganja chake kilivyopanda juu ya tufe na kulifunika, ndivyo tufe lilivyozidi kuwa pia, na ndivyo lilivyozidi kunyooka. Akadhani nguvu hazijatosha.

Kuna njia ya kujipima ambayo haihitaji mwalimu. Tufe likirudi kutoka mwisho wa njia, litazame kabla ya kulifuta: mafuta huacha juu yake alama ya duara pale lilipogusa sakafu. Duara likiwa kubwa, linapita karibu na matundu ya vidole, mzunguko ni mzuri. Likiwa dogo kama ukingo wa kisahani, mbali na matundu, umetupa pia.

Mkono sahihi unafanya kidogo kuliko mtu anavyodhani. Walimu wa bolingi hupenda kuueleza kwa sura ya saa ya ukutani, na hapa Mswahili hana budi kuwa mwangalifu, kwa sababu mshale mfupi ukiwa kwenye tarakimu ya 4 sisi husoma saa kumi. Nimewahi kumwona mtu akifuata maelezo kwa uaminifu wote na kuelekeza vidole upande wa pili wa dunia. Basi nitataja tarakimu, si saa. Uone mgongo wa tufe kama sura ya saa inayokutazama. Mkono unaposhuka, kiganja kiko nyuma ya tufe na vidole viwili, cha kati na cha pete, viko chini, kwenye tarakimu ya 6. Tufe linapopita kwenye kifundo cha mguu, kidole gumba hutoka kwanza. Kwa muda mfupi mno tufe hukaa juu ya vidole viwili peke yake, na katika muda huo vidole hupanda kupitia ubavu wa kulia wa tufe, kutoka tarakimu ya 6 hadi kwenye 4, huku vikiliinua kidogo. Mkono humalizia mbele ukiwa kama wa mtu anayempa mwenzake mkono wa salamu. Hayo ndiyo yote. Vidole vikipita tarakimu ya 3 na kuelekea juu, tumerudi kwenye pia.

Kila kitu kinategemea gumba kutoka kabla ya vidole. Vikitoka pamoja, tufe halipati mzunguko wa maana. Gumba likichelewa, tufe huning'inia, kisha hudondoka sakafuni kwa kishindo ambacho ukumbi mzima hukisikia. Matufe ya kuazima kwenye kumbi yana matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya kila mtu, maana yake hayamfai mtu yeyote sawasawa, na tundu la gumba likiwa pana mchezaji hulazimika kulibana tufe ili lisimponyoke. Anayebana hawezi kuachia kwa utaratibu. Kabla ya kushughulika na mzunguko wowote, tafuta tufe ambalo gumba linaingia lote na kutoka bila kukwama, na ambalo unaweza kulining'iniza bila kukaza vidole. Ikibidi kupunguza uzito, punguza.

Bega nalo lina neno lake. Mkono unapaswa kubembea kutoka begani kama timazi la fundi mwashi: unasukumwa mbele kidogo, uzito wa tufe unaushusha, unakwenda nyuma, unarudi, na kiwiko kinabaki kimenyooka. Fundi hausukumi uzi wa timazi; angeusukuma, ukuta ungepinda. Vivyo hivyo mchezaji anayevuta tufe kwa misuli hulipeleka upande, na mzunguko wake hubadilika kila anapotupa. Kwa mazoezi ya nyumbani nilimpa mpwa wangu jerikeni ya mafuta ya kupikia ya lita 5 iliyojazwa maji. Maji lita 5 ni kilo 5, uzito unaokaribiana na wa tufe la ratili 11, ambalo linamfaa anayejifunza. Aliibembeza asubuhi na jioni, polepole, baada ya uvimbe kwisha, mpaka ikaacha kugonga goti.

Hatua za kuuendea mstari wa kurushia sitazieleza kwa urefu, kwa kuwa zinajifunzika zaidi kwa miguu kuliko kwa macho. Wengi hutumia 4. Ya kwanza ni ya mguu wa kulia, na hapo hapo tufe husukumwa mbele. Ya mwisho ni ya kushoto, ambao hausimami bali huteleza hadi karibu na mstari, na ndiyo sababu viatu vya mchezo huu vina soli laini. Mguu unaoteleza na tufe linaloshuka vifike pamoja. Anayeanza na afanye mazoezi ya hatua moja tu, ile ya mwisho, mpaka mkono utulie.

Nilisema kwamba neno la mpwa wangu kuhusu matufe ya ajabu lina ukweli. Tufe la kuazima kwenye kumbi karibu siku zote ni la plastiki, na plastiki laini haishiki sakafu. Mtu anaweza kuwa na mkono mzuri kabisa na tufe hilo likapinda upana wa kiganja tu, hasa njia ikiwa na mafuta mengi. Hili ni vyema lisemwe wazi, maana wapo wanaoacha mchezo wakidhani mikono yao ina kasoro. Matufe ya kwanza yalichongwa kwa mti mgumu uitwao lignum vitae. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaja ya mpira mgumu, baadaye ya plastiki, na kuanzia miaka ya 1980 ya urethani, ambayo yalishika sakafu vizuri zaidi. Mageuzi makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, yalipotokea matufe ya rezini yenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambayo hunyonya mafuta kutoka sakafuni na kuishika sehemu kavu kwa ukali usiojulikana zamani. Ndani yake mna kiini kizito chenye umbo lisilo la mviringo, ambacho hulifanya tufe liyumbe kidogo linapozunguka, na hivyo kila duru uso mpya, usio na mafuta, huigusa sakafu.

Hata ganda lake hushughulikiwa kama fundi anavyoshughulikia mlango. Likipigwa msasa hushika mapema na kupinda kwa mkunjo mrefu wa taratibu. Liking'arishwa huteleza mbali zaidi, kisha hukata ghafla. Na matundu ya tufe la mtu binafsi hutobolewa kwa kipimo cha mkono wake, vidole viwili vikiingia hadi kiungo cha kwanza tu badala ya cha pili. Kwa mshiko huo gumba hutoka mapema na vidole huwa na nafasi ndefu ya kuinua. Ushauri wangu ni kwamba mtu asinunue tufe la rezini kabla ya kuweza kutoa mzunguko ule ule mara 5 kati ya 10 kwa tufe la plastiki. Rezini hukuza kila kitu, na kosa likiwamo.

Jambo la mahali pa kulenga huwapotosha wengi, kwa sababu macho hupenda kwenda kwenye pini. Pini ziko mbali. Kwenye njia, kiasi cha mita 4 kutoka mstari wa kurushia, kuna mishale 7 iliyochorwa, kila mmoja umeachana na mwenzake kwa mbao 5. Mchezaji wa mkono wa kulia huanza kwa kuutazama mshale wa pili kutoka kulia, ulio kwenye mbao ya 10, na kulipitisha tufe juu yake. Miguu yake humalizia karibu na katikati ya njia, na tufe hutoka likielekea nje kidogo. Hapo moyo hupata shida, kwani unalituma tufe upande usioutaka huku ukiamini kwamba litarudi. Wanaolenga pini moja kwa moja kisha wakatarajia mpindo hufika kushoto kabisa na kuikosa pini ya 1.

Mpako wa kawaida wa mafuta humsaidia mwanafunzi hata asipojua. Akikosea na kulituma tufe nje kuliko alivyokusudia, hukutana na mafuta membamba, hushika mapema na kurudi. Akikosea kwa ndani, hukutana na mafuta mazito, huteleza mbele na halipindi sana. Makosa yote mawili huelekea mahali pamoja. Ni ukarimu ambao mashindano makubwa huuondoa kwa kupaka mafuta kwa namna nyingine, na ndiyo sababu mfalme wa ukumbi wa mtaani huweza kuonekana mgeni akienda kwingine.

Pini zikibaki baada ya mpigo wa kwanza, mchezaji ana mpigo wa pili wa kuzimaliza, na hapa mpindo hugeuka kuwa adui. Pini ya 10 imesimama pembeni kabisa upande wa kulia, na tufe lipindalo kushoto humkimbia mtu anapolihitaji zaidi. Wachezaji wa kweli hubeba tufe la pili, la plastiki, na hulitupa sawa, kiganja kikiwa nyuma yake mwanzo hadi mwisho bila kugeuka. Nimeona vijana wakichekwa kwa kutupa sawa. Waliocheka huwa hawazihesabu pointi zao.

Yako pia mashaka ya kizazi hiki: vijana hutazama video za wanaotupa kwa mikono miwili na kuuliza kwa nini wafundishwe njia ya wazee. Jason Belmonte wa Australia, aliyetwaa mataji makubwa 15 katika ligi ya kulipwa ya Marekani, hutupa hivyo, na kabla yake Osku Palermaa wa Finland alikwisha kuionyesha dunia namna hiyo. Gumba halitumiki kabisa, mkono wa kushoto hulitegemeza tufe hadi karibu na kuachia, na mizunguko huongezeka sana. Sioni ubaya wowote. Lakini sakafu haijui tufe limetoka kwenye mikono mingapi: mafuta, ukavu na pembe ya kuingilia hubaki vilevile, na anayesokota juu ya tufe kwa mikono miwili hupata pia kubwa zaidi.

Likizo ilipokwisha kijana alirudi Nairobi bila bendeji. Nilikuwa nimemtahadharisha juu ya jambo moja ambalo tuliliona barazani: baada ya mpira kupita mara nyingi, sabuni ilianza kufika kwenye saruji kavu, na pale mwanzo maji yakaanza kukauka. Mafuta ya njia nayo hayakai yalipopakwa. Matufe ya plastiki huyaburuta kwenda mbele, na tufe huanza kuchelewa kupinda na kufika upande wa kulia. Matufe ya rezini huyanyonya, na tufe huanza kupinda mapema na kufika kushoto. Anayedhani mkono wake umeharibika huanza kuusokota tena. Dawa iko miguuni: tufe linapokosea, sogea upande ule ule lilikokosea.

Ijumaa moja usiku alinitumia ujumbe akiwa ukumbini. “Mjomba, saa nzima nilikuwa sawa, sasa linaipita pini ya 1 kwa kushoto. Mkono sijaubadilisha.”

Nikamjibu kwamba miguu isogee mbao 2 kushoto, jicho lisogee mbao 1 kushoto, na mkono auache kama ulivyo.